Hapakuwa na Unyevu: Maneno ya Opareta wa Simu Siku ya Kuaga Kazi

Mama yetu mwanzilishi; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi; Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu; ndugu wakurugenzi na mameneja wa kampuni zetu zote kumi na moja; viongozi wa chama cha wafanyakazi; wenzangu wa zamu ya asubuhi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha; ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Naona mshereheshaji ananitolea macho, kwa sababu kwenye karatasi yake Mwenyekiti ndiye wa kwanza na Mama ni wa tatu. Naomba anisamehe. Mwenyekiti alizaliwa na huyu mama, na mimi sijapata kuona mtoto akimtangulia mama yake kuja duniani.

Ndugu zangu, wengi wenu leo ndiyo mara ya kwanza kuniona. Kunisikia mmenisikia miaka thelathini na saba, kila mlipoinua simu kumtafuta bosi, fundi, mhasibu, au mke wa mtu aliyeko stoo ya pamba. Lakini sura hamkuijua. Mwaka juzi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali, nikamwambia mtu aliyesimama mbele yangu, "Samahani kaka, nani wa mwisho?" Akageuka kama aliyeitwa na malaika. "Wewe si opareta wetu? Mimi wa kinu cha mafuta, zamu ya pili! Nilidhani wewe ni mrefu!" Sasa mmeniona. Urefu wenyewe ndio huu, na msitegemee utaongezeka baada ya kustaafu.

Nimeombwa nizungumzie historia ya kampuni kwa kifupi. Kitabu cha historia mmegawiwa pale mlangoni, kina picha nzuri na karatasi inayong'aa, nami nimekisoma chote jana. Nina sahihisho moja tu, la ukurasa wa arobaini na mbili, na nitalifikia. Lakini kwanza niwasimulie nilivyoiona kampuni hii kutoka kwenye kiti changu, maana mimi sikuiona kwenye picha. Niliiona kwenye taa.

Nilipoajiriwa, niliajiriwa kufunga sabuni. Tulikaa wanawake kumi na wawili kwenye mabenchi, kipande, karatasi, gundi, kipande, karatasi, gundi. Siku moja lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwenye rundo la masanduku tuliyoyafunga asubuhi nzima. Nikapiga kelele moja: "Dereva, simamaaa!" Lori likasimama. Na kinu cha jirani nacho kikasimama, kwa sababu fundi wake alidhani anaambiwa yeye. Mzee akatoka ofisini. Nikajua kazi imeota mbawa. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani mwenye king'ora?" Wenzangu wakaninyooshea vidole bila huruma. Akasema, "Binti, nawa mikono. Kuanzia leo utakaa kwenye simu."

Mzee huyo, ambaye nyote mlimwita Mzee Mapipa na yeye akafurahi kuitwa hivyo, hakuanza na kiwanda. Alianza na mapipa matupu. Aliyanunua yakiwa yamebonyea, akayanyoosha kwa nyundo ya mti, akayaosha, akayauza. Ndani ya mapipa yale kulikuwa na mabaki ya mafuta, na mke wake, huyu Mama tuliye naye hapa, hakupenda kuona kitu kinamwagwa. Akayakusanya yale mabaki, akayachemsha na magadi kwenye sufuria ya ukoo, akatoa sabuni. Majirani wakaitaka. Mapipa yakaanza kununuliwa kwa sababu ya mabaki, si kwa sababu ya mapipa! Mzee alikuwa akisema, "Mimi nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeajiriwa."

Nyote mnajua kilichofuata, lakini je, mmewahi kukaa mkafikiri jinsi kila kiwanda kilivyomzaa mwenzake? Sabuni ilidai mafuta, likajengwa jengo la kukamua mbegu. Mbegu ziliacha mashudu, mashudu yakarundikana mpaka tukawa tunaziba pua, kikaanzishwa kiwanda cha chakula cha mifugo. Mafuta yalihitaji mapipa mapya, kikaja kiwanda cha mapipa. Mizigo ilihitaji malori, malori yakahitaji gereji, gereji ikahitaji vipuri, vipuri havikupatikana, gereji ikajifunza kuyeyusha chuma na kuvisubu yenyewe, na ile gereji ndiyo leo kiwanda cha nondo na mabati mnachokiona kikitoa moshi ng'ambo ya uwanja. Nilipokalia kile kiti, swichibodi yangu, ule ubao wa kuunganishia simu, ilikuwa na taa nane, kila laini na taa yake. Kila kampuni ilipozaliwa, Fundi Waya alikuja na bisibisi yake akaniongezea taa. Sikuhitaji kusoma magazeti kujua kama tunakua. Nilihesabu taa.

Huyo Fundi Waya mmkumbuke. Ndiye aliyekuwa fundi wetu wa simu, mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu nyuma ya sikio, anayezungumza kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mshahara wake.

Ndugu wageni waalikwa, sasa nafika mahali ambapo kitabu kimepita mbio.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita Mzee Mapipa alitutoka. Aliacha watoto wawili. Mkubwa, ambaye leo ni Mwenyekiti wetu, alikuwa anaongoza chuma na malori. Mdogo wake, ambaye leo ni Mkurugenzi Mkuu, alikuwa anaongoza mafuta na sabuni. Walikuwa wanapendana, hilo nalishuhudia, maana siku hazikupita bila kaka kuniambia, "Nipe huyo mtoto wa sabuni," na dada kuniambia, "Nipe huyo mzee wa vyuma." Halafu kaka akataka kupanua kiwanda cha nondo, na nafasi iliyokuwa karibu ni bwalo la kupikia sabuni, lile lile alilolianzisha Mama. Kwenye kikao, na haya yamo kwenye kitabu kwa lugha ya adabu sana, kaka akasema bwalo lile ni kumbukumbu, si kiwanda. Dada akamuuliza, "Na hivyo vyuma vyako vilizaliwa na nini, kama si hiyo kumbukumbu?" Akachukua faili zake, akatoka. Mlango ulivyobamizwa niliusikia mimi niliye ghorofa ya chini.

Hawakuzungumza mwaka mmoja na miezi saba.

Leo tunacheka, lakini mliokuwepo mnakumbuka. Mtu na dada yake, madirisha yanatazamana, wanaandikiana barua zenye mihuri! Kwenye kantini watu wa mafuta walikaa upande wa dirishani, watu wa chuma upande wa jikoni, na ole wako ukae katikati. Dada alikataa mapipa ya kaka yake, akanunua ya nje, yakavuja mpaka ghala likawa uwanja wa kuteleza. Kaka akakataza sabuni ya dada yake kwenye vyoo vya kiwanda cha chuma, akaleta nyingine, mafundi wakachubuka mikono kama waliovuliwa glavu za ngozi yao wenyewe. Nawauliza, nani alishinda hapo? Wateja wakaanza kutukimbia. Zamu zikapunguzwa. Watu elfu nne wakati ule walikuwa wanakwenda kulala bila kujua kama mwezi ujao wana kazi.

Na kila siku, saa nne asubuhi, simu yangu ililia kutoka nyumbani kwa Mama. Hakuomba nimuunganishe na mtu. Aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, wameongea?"

"Bado, Mama."

"Haya. Kesho nitapiga tena."

Mwaka mmoja na miezi saba, Mama. Nilikuwa natamani siku moja nikudanganye.

Mwisho wakaja mawakili na tepu za kupimia. Ikaamuliwa kampuni zigawanywe, na ukuta ujengwe katikati ya uwanja. Mimi nikaambiwa nimfundishe opareta wa pili, maana swichibodi nayo ingekatwa nusu kwa nusu. Msingi wa ukuta ukachimbwa. Fundi mwashi akapanga matofali mistari mitatu. Karatasi za kugawana zilikuwa zitiwe saini Alhamisi asubuhi.

Jumatano hiyo, saa saba na nusu mchana, Mama akapiga. Haikuwa saa yake, nikashtuka. Akasema, "Mwanangu, leo niunganishe na mkubwa." Nikamuunganisha. Sheria ya opareta ni kwamba ukishasikia wamesalimiana, unajitoa. Nilikuwa naweka kidole kwenye swichi nijitoe, nikamsikia kaka akisema, "Mama, nimechoka. Kesho nitatia saini, lakini sijui kwa nini mkono mzito." Kabla sijajitoa, taa ya sabuni ikawaka. Ni dada. Akasema, "Nipe Mama, nyumbani."

Ndugu zangu, nilikuwa na majibu mawili halali. La kwanza, "Mama ana mtu kwenye laini, subiri." La pili, "Piga baadaye." Yote mawili nilikuwa nimeyasema mara elfu. Nikatazama dirishani, nikamwona mwashi ameinama anapaka saruji mstari wa nne.

Sikumjibu neno. Nilifungua swichi ya tatu, nikamwingiza.

Kitabu chenu, ukurasa wa arobaini na mbili, kinasema hivi: "Kutokana na hitilafu ya mitambo iliyosababishwa na unyevu, laini tatu ziligongana." Hilo ndilo sahihisho langu. Laini hazikugongana. Ziligonganishwa, na mgonganishaji ndiye huyu mnayemuaga leo.

Tulieni, tulieni kidogo. Naona Mwenyekiti amevua miwani.

Mheshimiwa, wewe ulidhani unazungumza na Mama peke yake. Dada yako alidhani atamsikia Mama, akakusikia wewe. Ukasema, na hili nililisikia, Mungu anisamehe: "Mama, mimi namkosa huyu mtoto. Hata kucheka sicheki tena, nimebaki kusaini barua tu." Halafu, kama mnavyojua, yeyote aliyepika sabuni miaka mingi magadi humkaa puani. Dada akapiga chafya.

"Nani huyo?" kaka akauliza.

Chafya ya pili.

"Nimeuliza nani yuko kwenye laini?"

"Ni mimi, kaka."

Hapo nikavua vipokea sauti, nikaviweka mezani, nikavifunika na kitambaa kabisa. Waliyozungumza siyajui, na hata leo sitaki kuyajua. Ninachojua ni kwamba taa zile tatu ziliwaka saa moja na dakika hamsini. Wateja walikuwa wanapiga, madereva walikuwa wanapiga, mawakili walipiga mara nne, mimi, kwa kuogopa kugusa swichi yoyote, nawajibu kwa simu ya mezani, "Laini zina shughuli, tafadhali jaribu baadaye."

Saa tisa na nusu nikamwona dada anavuka uwanja na mabuti na aproni ya kazi, anaruka msingi wa ukuta kama anaruka mfereji. Kaka akashuka ngazi bila koti. Wakakutana penye rundo la matofali, wakakaa juu yake kama watoto wa shule, wakawa wanazungumza na kufuta macho. Mwashi amesimama pale na mwiko wake, saruji inamkaukia. Akakohoa. "Samahani wakubwa, niendelee au niache?"

Kaka akasema, "Fundi, hebu pumzika kwanza."

Dada akasema, "Pumzika moja kwa moja."

Kiwanda kizima kilikuwa madirishani. Watu wa kinu cha mbegu walipiga vifuniko vya ndoo, watu wa chuma wakajibu kwa nyundo, hata mtu ukimwita hasikii. Alhamisi mawakili walipokuja walipewa chai na sabuni mbili mbili wakaoge, wakarudi walikotoka. Bwalo la sabuni likabaki pale lilipo mpaka leo. Malori yalihamishiwa nje ya uzio, nondo zikapata uwanja wao. Mapipa yakarudi nyumbani na mikono ya mafundi ikapona. Wale elfu nne leo ni zaidi ya elfu sita, na swichibodi, kabla haijaletwa ya kompyuta, ilifika taa mia moja na kumi.

Mama akapiga Alhamisi hiyo hiyo saa nne. Sikungoja aulize. Nikasema, "Mama, wameongea." Akasema, "Najua, mwanangu. Nilikuwepo." Akacheka mpaka nikasikia amekaa chini. Hakuuliza zaidi, alishajua kilikuwa kidole cha nani, na siku zote hizi hajamwambia mtu. Mama, ahsante. Siri uliitunza vizuri kuliko mimi.

Sasa, ndugu zangu, furaha hiyo ilikuwa na mtu aliyeilipia, na ndiyo maana nimekataa kuondoka hapa na keki tu.

Jumatatu iliyofuata meneja wa uendeshaji wa wakati ule, ambaye alishahamia kwingine siku nyingi, aliitisha uchunguzi. Simu za kampuni zilifungwa karibu saa mbili, mizigo ilichelewa, lazima mtu awajibike. Akatuita mimi na Fundi Waya. Fundi Waya alikuwa ameshaikagua swichibodi asubuhi ile. Aliifungua waya kwa waya, akaikuta nzima. Akanitazama, nikaangua kilio pale pale. Hakuuliza swali. Alifunga kile kifuniko polepole, skrubu moja moja.

Ofisini meneja akauliza, "Haya, kulitokea nini?" Nikavuta pumzi niseme. Wakati ule nilikuwa na watoto watatu na baba yao ameshatangulia mbele ya haki. Kabla sijafungua mdomo, Fundi Waya akasema, "Unyevu, bosi. Uliingia kwenye maungio. Nilipaswa kuona mapema."

Unyevu! Mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne! Mbuzi walikuwa wanalamba ukuta! Lakini meneja ofisini kwake alikuwa na feni, hakujua hali ya nje. Akaandika. Fundi Waya akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Mwaka ule alikuwa awe mkuu wa kitengo cha mawasiliano. Akaletwa mtu kutoka nje, na Fundi Waya akangoja miaka sita mingine, anambebea bisibisi mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Nilimwambia, "Kaka, niache nikaseme ukweli." Akaniambia, "Wakikufukuza, nani atawapeleka wanao shule? Mimi barua haininyimi usingizi. Kaa kwenye simu yako."

Nikakaa. Mwanzoni nilinyamaza kwa woga wa kufukuzwa. Baadaye woga ukaisha, nikanyamaza kwa aibu ya kuwa nimenyamaza. Wanangu wote watatu wamesoma, wako pale meza ya pili, wananitazama sasa hivi kama hawanijui. Nanyi wanangu, huyo Fundi Waya mliyekuwa mkimwita mjomba kila sikukuu, leo mnajua kwa nini nilitaka mumwite hivyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mmenipa friji, mmenipa cheti chenye fremu, mmenipa hotuba nzuri mpaka sikujua kama ni mimi mnayemsifu. Nashukuru kwa moyo wote. Lakini nina ombi. Barua ile bado imo kwenye faili la Fundi Waya, nilimwuliza mama wa masjala wiki hii akaniambia imo. Alistaafu nayo miaka minne iliyopita. Naomba itolewe. Na kwenye kitabu kikichapishwa tena, pale palipoandikwa unyevu paandikwe jina la kazi yangu, na chini yake paandikwe kwamba fundi alikuwa hodari na mitambo ilikuwa mizima.

Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa. Hapana Mheshimiwa, mimi ni mtu wa simu, kichwa sikisikii.

Mmemsikia? Amesema, "Inatolewa leo hii, na nitaitoa mwenyewe." Na Mkurugenzi Mkuu anasema... Subirini, anasema kwa sauti ndogo, amebanwa na machozi. Anasema bwalo la sabuni lina ukumbi mpya wa mafunzo unaofunguliwa mwezi ujao, ulikuwa haujapata jina, na sasa umelipata, la Fundi Waya.

Basi sina la kuongeza. Nawashukuru wakubwa zangu walionilea kikazi, wenzangu wa zamu zote mlionisalimia kila asubuhi bila kunijua sura, kina mama wa kufunga sabuni mlioninyooshea vidole siku ile mkanipa kazi ya maisha yangu. Nakushukuru Mama. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio mpaka mwisho.

Na wewe uliyejificha nyuma ya nguzo, mwenye koti la kijivu, usijifanye unatafuta kalamu. Simama, kaka yangu. Njoo hapa mbele, wakuone.